Kikombe cha Siri katika Nchi ya Ugeni



Neno letu la mara hii tunalitoa katika kitabu cha Nabii Yeremia, sura ya 35. Tunaomba kila jamaa iisome nyumbani, baba, mama na watoto pamoja. Ni habari ya Warekabi. Hao walikuwa watu wa mahema. Baba yao Yonadabu aliwaachia agizo kwamba wasinywe divai, wao na wana wao. Jeshi la Babeli lilipopanda katika nchi, walikimbilia Yerusalemu, wakawa wageni mjini. Hapo Mungu alimtuma Yeremia awaingize katika chumba cha Hekalu, aweke mbele yao mitungi iliyojaa divai pamoja na vikombe, na kuwakaribisha wanywe.

Angalieni vizuri jambo hili. Hapakuwa na askari mlangoni. Katika mji ule divai haikukatazwa. Aliyewakaribisha hakuwa mlevi wa barabarani, alikuwa nabii. Na baba yao aliyetoa agizo alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka 200. Hata hivyo walikataa, na Mungu akawasifu mbele ya Yuda yote.

Sasa tuweke kando ya habari hiyo habari nyingine, ya wageni wa siku zetu, wanaoishi katika nchi ambamo glasi moja ya pombe yaweza kumpeleka mtu gerezani. Warekabi waliruhusiwa, wakakataa. Wageni hawa wamekatazwa, na wengi wao wanakunywa. Kwa nini? Tukipata jibu la swali hilo tutakuwa tumepata dawa kwa nyumba zetu wenyewe.

NCHI ILIYOFUNGA MLANGO WA POMBE

Nchi tunayoisema kwanza ni Arabia ya Saudia. Dini ya Kiislamu inakataza pombe. Jambo hilo tunalijua kwa majirani zetu Waislamu wa Kasongo na Kisangani. Lakini huko Saudia katazo hilo ni sheria ya serikali pia, nayo inamshika mgeni asiye Mwislamu pamoja na mwenyeji.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mafuta yalipopatikana karibu na Dammam mwaka 1938, Wamarekani wa kompanyi ya mafuta waliongezeka huko, na wageni waliweza kuingiza vinywaji vyao. Kisha ikaja Novemba 1951 mjini Jeddah. Makamu wa konsuli wa Uingereza, jina lake Cyril Ousman, alikuwa na karamu nyumbani kwake. Mmoja wa wana wa mfalme, kijana bado, alikunywa mpaka akakataliwa kuongezewa. Akakasirika. Baadaye akarudi na bunduki, akapiga risasi, na Ousman akafa. Mwaka uliofuata, 1952, mfalme Abdulaziz alipiga marufuku pombe kwa watu wote nchini, hata kwa wageni.

Sheria ile ilizaliwa na damu, wapendwa. Mfalme huyo alikuwa na mafuta, jeshi na enzi, lakini siku ile alikuwa baba tu, aliyeona mwanawe amekuwa mwuaji kwa ajili ya glasi. Ni wazazi wangapi katika Kongo yetu wanaoujua uchungu huo? Kijana anatoka jioni akiwa mpole, anarudi usiku na kisu mkononi.

Adhabu za sheria hiyo zilikuwa gereza, viboko na kufukuzwa nchini. Mwaka 2014 mzee mmoja Mwingereza, mwenye umri zaidi ya miaka 70, alikamatwa Jeddah akiwa na divai iliyotengenezwa nyumbani ndani ya gari lake. Alikaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja, na watoto wake waliogopa kwamba viboko 350 vitamwua, mpaka akaachiliwa mwishoni mwa Oktoba 2015. Mwaka 2020 mahakama kuu ya nchi ile iliamua kwamba mahakimu waache kutoa viboko kwa makosa ambayo adhabu yake imeachwa mikononi mwao, watoe faini au kifungo. Na Januari 2024 ikajulikana kwamba duka la pombe linafunguliwa mjini Riyadh katika mtaa wa mabalozi, kwa ajili ya mabalozi wasio Waislamu. Lakini fundi, dereva na mtumishi wa nyumbani hawakufunguliwa mlango huo.

MLANGO ULIFUNGWA, KIU IKABAKI

Je, baada ya mwaka 1952 wageni waliacha kunywa? Hapana. Katika kambi zao zenye kuta ndefu, walianza kutengeneza wenyewe. Dukani yanauzwa maji ya zabibu, sukari na hamira, vitu halali vyote. Mtu alivichanganya nyumbani akapata divai. Wengine walifunga mitambo midogo jikoni na kupika pombe kali, na mara nyingine mitambo hiyo ililipuka ikachoma nyumba. Mwaka 1986 lilipofunguliwa daraja la kilometa 25 linaloiunganisha Saudia na kisiwa cha Bahrain, ambako pombe inauzwa, wengi wakawa wanavuka siku za mapumziko ili wanywe, kisha wanarudi kazini.

Pombe ile kali ya kupikwa kwa siri waliipa jina. Waliiita sadiqi, neno la Kiarabu, maana yake "rafiki yangu".

Tusimame kidogo hapa. Kati ya majina yote, kwa nini walichagua jina la rafiki? Kwa sababu ndicho kitu walichokikosa. Mtu amepata mshahara mkubwa, nyumba yenye hewa baridi, gari na tiketi ya ndege ya kila mwaka. Lakini mke yuko mbali, watoto wanakua bila yeye, mama yake anazikwa naye hayupo. Jioni anafunga mlango na hakuna wa kumwuliza, "Umeshindaje, ndugu yangu?" Basi anamimina rafiki ndani ya glasi.

Lakini rafiki wa namna gani huyu? Rafiki wa kweli humleta mtu kwa watu wengine. Huyu anamfungia ndani na kumfundisha kuteremsha pazia. Rafiki wa kweli humwambia mtu ukweli. Huyu anamfundisha kumdanganya bwana wa kazi, polisi, na mwisho mke wake kwenye simu. Na mtu akianguka, rafiki huyu hamwinui. Anangoja amiminwe tena.

KIKOMBE KIMOJA, BEI MBILI

Tena, kikombe cha siri hakina bei moja kwa watu wote. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, Saudia ilikuwa na watu milioni 32.2, na kati yao milioni 13.4 walikuwa wageni. Wachache wao ndio maenjinia na wakubwa wa kompanyi. Wengi ni watu wa mikono: Wahindi, Wabangladeshi, Wapakistani, Wafilipino, na Waafrika pia, hata mabinti wa jirani zetu Uganda na Kenya wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani. Mara nyingi pasipoti ya mtu kama huyo hushikwa na bwana wake wa kazi, hata pale sheria inapokataza. Analala chumba kimoja na wenzake wengi. Naye ana kiu ile ile ya rafiki, lakini hana balozi wa kumtetea wala mtambo mzuri jikoni. Ananunua kichupa gizani kwa mtu asiyemjua.

Mwezi wa nane mwaka 2025, huko Kuwait, nchi jirani inayokataza pombe pia tangu miaka ya 1960, watu 160 walipelekwa hospitali kwa sumu ya pombe ya magendo katika siku chache. Wakafa 23. Wengi wa wagonjwa walikuwa wafanyakazi kutoka Asia. Watu 21 walipofuka au macho yao yaliharibika. Fikirini, ndugu: mtu aliyeondoka kwao ili ajenge nyumba ya mabati kwa ajili ya wazazi wake, anarudishwa bila macho, au katika sanduku.

Sumu hiyo inaitwa methanoli. Ni spiriti ya viwandani, ya rangi na ya kusafishia, na kwa macho inafanana kabisa na pombe ya kunywa. Wauzaji wenye tamaa huichanganya ili wapate faida. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho na kuzuia mwili kutumia hewa. Mtu hulewa kama kawaida, hulala, na mara nyingi uchungu huanza saa nyingi baadaye, hata siku ya pili: tumbo, kichwa, macho yenye ukungu mweupe. Akifikishwa hospitali mapema, waganga wanaweza kuizuia sumu na kumsafisha damu kwa mashine. Lakini mtu anayeogopa polisi huchelewa, na hofu hiyo huwaua wengi.

Tusiseme kwamba hayo ni ya Waarabu. Lutuku yetu inapikwa katika mapipa bila mtu yeyote kuipima, na kuna wauzaji wanaoiongezea vitu wasivyovijua wenyewe. Kwa hiyo tunawaambia wote, hata wale wasiokuja kanisani: mkimwona mtu ambaye baada ya kunywa anasema haoni vizuri, msimwache "alale ulevi uishe". Mpelekeni kwa mganga wa hospitali mara moja, na mmwambie mganga ukweli wote. Mungu hatawauliza kwa nini mlimwokoa mlevi.

SHERIA INASHIKA MKONO

Wengine watasema: basi sheria ile ni mbaya, waiache. Sisi hatusemi hivyo. Mgeni anayekula mkate wa nchi anapaswa kuheshimu sheria ya nchi. Alikubali alipotia sahihi kwenye mkataba wa kazi. Kula mshahara wa watu na kudharau katazo lao nyuma ya pazia si ujanja, ni kukosa adabu. Nasi tunaamini kwamba nchi yenye pombe kidogo ina machozi machache ya wanawake.

Lakini tunajua pia kwamba sheria inashika mkono, haiwezi kushika moyo. Wazee wetu walitusimulia jinsi Wabelgiji walivyomkataza Mwafrika pombe kali ya Ulaya, huku wao wakiinywa barazani mbele ya mtumishi aliyewaletea. Je, katazo lile lilimfanya Mwafrika kuwa mtu asiyekunywa? Lilimfundisha kupika lutuku porini. Aliyefunga pombe hakumpenda aliyefungiwa, na aliyefungiwa alilijua hilo. Bwana wetu alifundisha kwamba uovu hutoka ndani ya moyo wa mtu. Basi ulinzi nao unapaswa kuanzia humo humo.

Warekabi walikuwa na nini, ambacho wageni wa Jeddah na Kuwait walikosa? Tunaona vitu viwili.

Cha kwanza, walikuwa na neno la baba waliyempenda. Hawakukataa divai kwa kuogopa gereza. Walikataa kwa sababu Yonadabu alikuwa baba yao, na kushika neno lake kulikuwa njia ya kubaki watoto wake hata katika mji usio wao.

Cha pili, hawakuingia katika chumba kile mmoja mmoja. Waliingia pamoja, ndugu na wana na nyumba yao yote. Kumbukeni tena Danieli. Alikuwa mgeni Babeli, na divai ya mfalme ilikuwa ya bure. Alisimama, lakini hakusimama peke yake. Hanania, Mishaeli na Azaria walikuwa pamoja naye. Ugenini mtu hushinda akiwa na ndugu. Akiwa peke yake na chupa, chupa ina nguvu kuliko mtu.

KANISA LETU HALINA POLISI

Wapendwa, sisi nasi tu watu wa katazo. Katika kanisa letu hatunywi pombe. Watu wanatujua kwa jambo hilo, na harusi zetu zinakwisha bila ugomvi. Tunamshukuru Mungu. Lakini kanisa letu halina polisi wala gereza, na halitakuwa navyo. Yule anayetaka kunywa anaweza kwenda mtaa wa pili, kutafuna majani ya kuondoa harufu, na kuimba Jumapili katika kwaya. Huyo ndiye mgeni wa Jeddah, ingawa hajapanda ndege hata siku moja. Amejenga kambi yenye ukuta ndani ya moyo wake, na humo ana sadiqi wake.

Huyo tunamwambia: ndugu, hatukutafuti ili tukuaibishe. Lakini kikombe unachokificha kinakuficha wewe. Mke wako hakujui tena. Mchungaji wako anamwombea mtu ambaye siye. Toka nje, tukuone.

Na kwa sisi wachungaji, mashemasi na wazee wa parokia tunasema hivi: mtu akija kuungama kwamba pombe imemshinda, nasi tukamsimamisha mbele ya watu na kumcheka, hatutamwona wa pili akija. Watabaki gizani wote, nasi tutajisifu kwamba parokia ni safi. Hiyo ndiyo parokia ya mapazia. Kukemea dhambi ni wajibu wetu. Lakini mlango wa kurudia lazima uwe mpana kuliko mlango wa kutokea.

MASHAURI KWA WAAMINI

Kwanza, kwa vijana wanaotafuta njia ya kwenda Ulaya, Saudia au Dubai kufanya kazi. Kabla ya visa, ulizeni sheria za nchi ile, mzijue, mzishike. Usibebe mzigo wa mtu mwingine usiojua kilichomo. Usikubali kuuza wala kuhifadhi kichupa cha mtu, hata akikuahidi dola nyingi, kwa maana siku ya msako atakayekutwa nacho ni wewe.

Pili, tafuteni ndugu kabla ya kutafuta kingine chochote. Huko Saudia hakuna makanisa, na sala za hadharani za Wakristo hazikubaliki. Basi mwombe kwa utulivu, kwa busara, bila kuwachokoza wenyeji wenu. Hata watu wawili wanaoulizana habari kila jioni wamekwisha kujenga uzio. Kama ndugu huyo ni Mwislamu mwema wa kazini kwako, mshukuru Mungu kwa ajili yake. Katika jambo hili la pombe atakulinda vizuri.

Tatu, kwa sisi tuliobaki nyumbani. Mtoto wetu akiwa ugenini, simu zetu zinamwuliza nini? Tuseme ukweli. Tunamwuliza pesa ya shule, pesa ya kilio, pesa ya mabati. Ni lini tulimpigia kumwuliza kama analala vizuri? Ni lini mama alimwimbia wimbo mmoja tu wa kanisa kwenye simu, kisha akakata bila kuomba kitu? Tukimfanya mtoto wetu kuwa benki, tusishangae akitafuta rafiki mahali pengine. Kila jamaa yenye mtu ng'ambo imwekee siku moja katika juma ya kumpigia au kumwandikia kwa ajili yake tu.

Nne, anayerudi. Wako wanaorudi wamefukuzwa, mikono mitupu, wengine na tabia ya kikombe. Mtaani wanachekwa: alikwenda kwa Waarabu, amerudi na nini? Kanisani asichekwe. Mama wa parokia wampelekee chakula, vijana wakae naye jioni, saa ile ambayo kiu huja. Saa hizo za jioni ndizo hatari. Mtu hapaswi kuachwa nazo peke yake.

Wapendwa, ulimwengu una mabwana wawili wanaotuonyesha njia mbaya. Mmoja anasema, mwache kila mtu anywe, ni shauri lake. Mwingine anasema, funga mlango, mpige fimbo, imekwisha. Njia ya Mungu tumeiona kwa Warekabi: neno la baba moyoni, na ndugu kando yako. Mwenye vitu hivyo viwili mwekee mitungi yote ya Yerusalemu mbele yake, atakuambia, "Ahsante, Nabii, sisi hatunywi," wala hatakuwa na uchungu.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uwakumbuke watoto wako walio katika nchi za ugeni. Uwakumbuke waliopoteza macho na waliopoteza maisha kwa kikombe cha siri, na wajane wao. Uwape ndugu wale wasio na ndugu. Utuondolee mapazia sisi tulio nyumbani, utufanye watu wa nuru ndani na nje. Tunaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.